Ukurasa wa Mzee Hemant

Anyesi alikifuta kishikwambi cha kusomea vitabu kwa ncha ya kanga, pembeni tu, asiguse kioo.

"Usivuke ukurasa huu mpaka nirudi, binti," Mzee Hemant alimwambia siku ile. "Nitajua umeniibia." Akacheka, gari likamchukua kwenda hospitali. Hakurudi. Leo ilikuwa siku ya kumi na tatu ya msiba, ya kuhitimisha matanga kwa mila za kwao.

Chaji iliisha zamani, lakini ukurasa ulibaki. Ndivyo kifaa kile kilivyo: hakiwaki kama simu, maandishi yake hukaa kama wino juu ya karatasi, umeme uwepo usiwepo. Mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo Anyesi, mfanyakazi wake wa ndani, ndiye aliyekuwa kidole chake. Miaka miwili, kwenye baraza ile ya Levolosi, mzee akiinua kidevu, yeye anabonyeza.

"Darasa la saba, umelala?" mzee alimtania akichelewa kubonyeza, maana shule aliishia hapo.

Kumbe Anyesi alikuwa anasoma pamoja naye, polepole, midomo ikicheza. Sasa kila asubuhi aliusoma ule ukurasa mmoja mpaka mstari wa mwisho, uliokatikia njiani. Kukichaji aliogopa, usije ukasogea.

Adhuhuri, akiwa jikoni anaosha vikombe vya wageni, Reshma aliingia, binti wa mzee aliyekuja kutoka ng'ambo. Alikishika kwa mikono miwili kile kifaa, alichokichukua barazani asubuhi.

"Chukua, Anyesi. Baba angependa kiwe chako. Nimekichaji, nimefuta vitu vyake vyote. Kipya kabisa."

Kioo kilikuwa cheupe pe.

"Asante, dada." Akakalia ndoo.

"Nimekosea nini?"

"Alikuwa hajamaliza."

"Basi tutakitafuta hicho kitabu. Kinaitwaje?"

Anyesi alikipokea, akakigeuza nyuma. Biblia ya mama yake kule kijijini Kikwe ina jalada lenye jina. Kifaa hiki hakina. Humfungulia mtu palepale alipoachia, na Anyesi alianza kuifuata hadithi ikiwa tayari njiani.

"Jina sijui. Nawajua watu wake tu."

Reshma akavuta kigoda. "Niambie hao watu."

"Kuna mama, ametoka kwao na mbuzi mmoja. Kila anapopita wanamwambia auze, hataki. Amefika mtoni, maji yamejaa, mbuzi kagoma. Mama kashika kamba, kamwinamia, akamwambia..."

"Akamwambia nini?"

"Hapo ndipo tulipoachia."

Reshma hakuinuka. Mvua ilikuwa inashuka upande wa Mlima Meru, wote wawili wakaitazama dirishani inavyokuja.