Kisanduku cha Jina

Mimi sipendi uzembe, na programu ile niliitengeneza kwa hasira. Kabla yake, makarani wa chumba cha maiti waliandika walivyojisikia: majina nusu, alama za kuuliza, mara nyingine "yule mzee" basi. Familia moja ikakabidhiwa marehemu wa watu wengine kwa sababu jina lilikuwa moja. Hospitali ikaniita.

Nikabana kila tundu. Jina liwe maneno mawili au zaidi, kila neno herufi tatu kwenda juu, na jina lililokwisha kuandikwa lisikubaliwe tena. Aliyefanana na mwenzake aongezewe la babu. Ukikosea, kisanduku kinazungukwa na mstari mwekundu, na kitufe cha Hifadhi kinabaki kijivu hata ukibonyeze mpaka kidole kiote sugu. Nikashauri pia kwamba asiye na rekodi ya marehemu wake asiruhusiwe kuingia kuangalia. Walinipigia makofi.

Mwezi wa pili karani wa asubuhi, mama mmoja mpole wa kukaribia kustaafu, alinipigia simu.

"Fundi, kuna watu hawana majina huku."

"Mama, kila mtu ana jina."

"Na hawa vichanga wanaofariki hawajapewa? Wa kwanza nimeandika Mtoto Mchanga, ikakubali. Wa pili imenikatalia."

Nilikuwa nakula. Nikamwambia asome maandishi mekundu, ajaze vizuri, nikakata simu. Hakupiga tena.

Kisha mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alipoteza fahamu akijifungua. Mtoto alikuwa wa kike, akaishi saa moja.

Kesho yake mimi na shemeji tulikwenda kumchukua tukamzike. Karani wa mchana akaandika jina la mama, kisha la baba. "Hakuna rekodi," ikajibu kompyuta. Maneno hayo niliyaandika mimi, na niliyaamini kuliko nilivyomwamini nesi aliyesema amemfikisha mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Nilimfokea nesi huyo mbele ya wagonjwa. Nikamwambia shemeji programu haikosei, hawa wanaficha uzembe wao. Wodini wakaturudisha chumba cha maiti, chumba cha maiti wakaturudisha wodini. Siku ya nne hali ya mdogo wangu ikawa mbaya, tukaacha yote tukakaa naye. Siku ya saba halmashauri ikaja, kama kawaida, kuzika wasio na wenyewe.

Alipozinduka aliuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Shemeji akatoka nje. Mimi nikamwambia nitamletea jibu kesho.

Asubuhi nilikaa kwenye kiti cha karani, nikapita nyuma ya fomu, nikapanga rekodi zote kwa tarehe. Fomu yenyewe ilitafuta kwa jina tu. Kutafuta kwa tarehe sikuweka. Nikaanza kusoma. Kalamu Nyekundu, umri siku sifuri. Ndoo Kubwa, siku sifuri. Pazia Refu, siku sifuri.

"Mama, haya ni nini?"

"Majina," akasema mama karani. "Uliniambia nijaze. Nikawa naandika ninachokiona humu ndani."

Hakusema kwa kejeli. Afadhali angenitukana.

Siku aliyozaliwa mpwa wangu waliandikwa vichanga wawili, wote wa kike: Feni Mbovu na Meza Ndefu. Nikamuuliza yupi alikuwa wetu.

"Mwanangu, mimi ningekumbukaje? Ungenipa pa kuandika jina la mama, ningeandika."

Nilimweleza mdogo wangu kila kitu, na simu niliyoikata pia. Alipoweza kusimama, alitaka kupaona. Makaburini vibao viwili vya bati vilikaa jirani, vimeandikwa vilevile kama kwenye kompyuta. Alivisoma kwa sauti, kimoja kimoja.

"Hata mbwa wa jirani wamemtafutia jina la maana," akasema. "Twende ukabadilishe."

Ofisini alisimama nyuma yangu, ameshikiliwa na mumewe, akanitajia jina la mtoto. Ni la kwao, silisemi hapa. Nikalifuta Feni Mbovu, nikaandika hilo. Hifadhi. Ikakubali.

"Na huyo mwingine. Mwandike hivyohivyo."

"Huenda si wako."

"Na huenda ni wangu. Mama yake akija, nitakaa naye mimi mwenyewe tuzungumze."

Nikaandika. Mstari mwekundu ukazunguka kisanduku: "Jina hili limeshatumika. Rekebisha."

Shemeji aliinama kusoma. Mama karani akaangalia dirishani. Nilitamani mtu anifokee kama nilivyomfokea yule nesi. Nikafungua programu kwa ndani, nikalitafuta lile sharti, nikalifuta. Nikarudi kwenye fomu, nikabonyeza Hifadhi. Ikakubali.

"Umefanya nini?" mdogo wangu akauliza.

"Nimefuta mstari mmoja wa programu."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Aliinua macho akaitazama saa ya ukutani, akahesabu kimoyomoyo.

"Hata dakika mbili hazijafika tangu uanze," akasema. Akamshika mumewe mkono, wakatoka.