Tundu Kwenye Karatasi ya Kaki

Watu wazima tisa walikuwa wakigombania tundu moja.

Asubuhi ile Kocha Vandermeer alikuwa amebandika karatasi za kaki kwenye vioo vyote vya ukumbi wa barafu wa Kettle Bend, ili wazazi wasitazame majaribio ya watoto wao ya mpira wa magongo wa barafuni. Karatasi zilidumu dakika kumi. Mtu mmoja alizichokonoa kwa ufunguo wa gari, ikapatikana nafasi ya jicho, na tangu hapo akina baba na akina mama wenye kazi zao na heshima zao wakawa wanapiga magoti kwa zamu kwenye zulia la mpira, penye theluji iliyoyeyuka, kahawa iliyomwagika na mate ya tumbaku.

Marlene Hrynkiw alisimama kando akiwatazama kwa kinyaa. Humo ukumbini mtu mzima hana jina. Yeye alikuwa Mama Tessa tu, kama ilivyokuwa tangu mwanawe alipovaa viatu vya barafu akiwa na miaka minne.

"Baba Jordy, toka basi!" alifoka Trish, mama yake Kenzie. "Umepiga magoti utafikiri unatubu."

"Nikianza kutubu hapa, mama, nitamaliza lini?"

Wakacheka. Trish akamgeukia Marlene. "Mimi Kenzie nimemwekea kocha wa kuteleza, kocha wa kupiga, na sasa natafuta wa kumfundisha kumsikiliza kocha. Wewe wako umemwekea nani?"

"Mungu," alisema Marlene.

"Huyo naye yuko bize, dada. Mtafutie mtu."

Neno hilo lilimchoma Marlene. Ni kweli kwamba kila alfajiri kwa wiki tatu alikuwa ameomba neno moja: Bwana, mfungulie mlango mwanangu. Mlango wenyewe ulikuwa timu ya kiangazi ya Kocha Vandermeer, ambayo kuanzia Mei hadi Julai ingesafiri kila mwisho wa wiki, Calgary, Winnipeg, hata ng'ambo ya mpaka hadi Minneapolis. Kocha alitaka golikipa mmoja tu, na alikuwa amesema wazi: asiyecheza naye kiangazi, msimu wa baridi asimsumbue.

Mumewe Darrel hakutaka hata kusikia. "Mtoto ana miaka kumi na mmoja," alikuwa akisema kila jioni mezani. "Aende kwa babu yake Gido ziwani, apande viazi, aogelee. Hata farasi hupumzishwa." Marlene alimjibu kila jioni kwamba wenzake Tessa hawapumziki. Ukimuuliza Tessa mwenyewe, alitaka vyote viwili, timu na ziwa, na alitaka pia Brynn asikasirike.

Brynn Okemow ndiye golikipa mwingine. Alikuwa rafiki yake Tessa tangu chekechea, na mama yake, Faye, ndiye aliyempitia Tessa kwa gari msimu mzima wa baridi, Darrel alipokuwa zamu mgodini.

"Zamu yako, Mama Tessa," alisema Trish. "Au unajiona mtakatifu?"

Marlene alikusudia kukataa. Alishangaa kuona magoti yake yameshagusa zulia. Maji machafu yakapenya kwenye suruali, pua ikagusa karatasi iliyolowa pumzi za watu wanane, akatumbukiza jicho.

Brynn alikuwa golini. Alidaka shuti moja, akazuia la pili kwa mguu, na Marlene akavunjika moyo, kwa kuwa mtoto yule siku hiyo alikuwa bora, bora kuliko Tessa, hata kipofu angeona. Kisha msichana mmoja mrefu akaja kwa kasi, akajikwaa, akamwangukia golini mzimamzima. Mlingoti wa goli ukang'oka. Brynn alipoinuka, mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, naye akapiga ukelele uliopenya kioo.

"Asante, Yesu," alisema Marlene.

Yalimtoka mdomoni mazima, yenye joto, kama yanavyomtoka mtu kanisani. Nyuma yake Trish, aliyekuwa ameipasua karatasi zaidi na kuchungulia juu ya kichwa chake, akacheka kidogo na kumpigapiga begani.

"Amina, mama. Nafasi ndiyo hiyo."

Marlene alibaki kwenye magoti yake. Alikuwa amewadharau watu hawa miaka saba: aliyemzomea mwamuzi wa miaka kumi na minne, aliyempigia kocha simu saa ya mazishi. Kumbe walikuwa wakimsubiri tu ajiunge nao.

Mlango wa kuingilia barafuni ukafunguliwa. Faye, aliyekimbilia ndani aliposikia ukelele, akatoka amemkumbatia Brynn, mkono umefungwa kwa skafu, na Tessa nyuma yao akiburuta mabegi mawili, bado amevaa kinga za miguuni.

"Mama Tessa, nishikie mlango," alisema Faye. "Na umwombee mwanangu, tafadhali. Wewe Mungu anakusikia."

Trish alitazama dari.

"Nipe funguo," alisema Marlene. "Wewe kaa nyuma na mwanao. Nitaendesha mimi."

Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima. Faye alikaa nyuma na Brynn, Tessa mbele. Barabara ilinyooka katikati ya mashamba yenye theluji chafu ya Aprili. Kwa kilomita ishirini Marlene alijaribu kuomba. Kila alipoanza, aliisikia ile Amina.

"Faye," alisema mwishowe. "Sijamwombea Brynn. Alipoanguka, nilishukuru. Nilimshukuru Mungu kwa sauti."

Tessa aligeuza kichwa polepole na kumtazama mama yake. Kwenye kioo, uso wa Faye haukubadilika.

"Unakumbuka Februari," alisema Faye, "Tessa alipolala na homa akakosa fainali, Brynn akadaka badala yake? Nikakuletea supu?"

"Nakumbuka. Ilikuwa tamu."

"Niliipika huku naimba."

Marlene alitazama barabara. Alitaka kulia, alitaka kucheka, lakini kilichokuwapo ni kinyaa tu, sasa kimegawanywa kwa wawili, wala hakikupungua.

Simu ya Marlene ikalia. Tessa akaibonyeza, sauti ya Darrel, aliyekuwa amefika ukumbini baada ya zamu, ikajaa gari.

"Kocha amenisimamia hapa na kalamu. Anasema nafasi ni ya Tessa, ila anataka jibu sasa hivi. Haya, mama, umeshinda. Nitie saini?"

Ule mlango alioomba ufunguliwe ulikuwa wazi, umevunjwa kwa mkono wa mtoto wa mwenzake.

"Hapana," alisema Marlene. "Mwambie hapana."

"Una akili kweli? Wiki tatu umeninyima usingizi!"

"Mpigie Gido, Darrel. Mwambie atafute mbegu za viazi."

Nyuma ya sauti ya Darrel ikasikika ya Trish, karibu sana na simu: "Wamekataa? Kocha! Kocha, ngoja, Kenzie ana binamu yake anadaka!"

Tessa alikata simu. Akaanza kulia kimyakimya, machozi yakimshukia kwenye jezi, na Marlene hakumwambia anyamaze. Nafasi ilikuwa yake pia, naye hakuulizwa.

"Nisamehe, mwanangu."

Tessa aligeukia dirisha. Jasho la msimu mzima lilikuwa linafuka kutoka kwenye mabegi yale mawili na kujaa garini.

"Linanuka hilo begi la Tessa," alisema Brynn nyuma, kwa sauti nyembamba ya maumivu. "Kama panya aliyeoza."

"Lako ndiyo linanuka!" Tessa alipenga kamasi kwa mkono. "Panya wako ana watoto."

Faye akafungua dirisha lake, na Marlene akafungua lake. Upepo wa theluji ukaingia na kuwakata nyuso, wakaendelea hivyo hivyo, vioo viko chini, hadi hospitali.