Mwangwi wa Jikoni

Tangu tauni imchukue mkewe Ginevra, mzee Bortolo hakuruhusu ile sonata ya mwangwi, muziki wa fidla mbili, ipigwe tena nyumbani kwake. Aliitunga mwenyewe: fidla moja inapiga sebuleni, nyingine imejificha jikoni, inarudia miisho ya vifungu tu. Enzi zile mji mzima wa Brescia ulikuwa na wazimu wa miangwi, lakini Bortolo alikuwa na sababu yake. Mke wa mtu kupiga fidla mbele ya wageni kungezua maneno mtaani. Nyuma ya mlango, nani angejua?

Tabu ni kwamba Ginevra alikuwa mwangwi mkaidi. Kila mwisho aliutilia kijirembo kidogo cha vidole ambacho sebuleni hakikupigwa.

"Mwangwi gani huo unaojibu zaidi ya ulivyoulizwa?" Bortolo alimgombeza wageni wakishaondoka.

"Wa kwako huo, mume wangu. Umeuoa mwenyewe. Na wakipiga makofi, mimi nainamia masufuria. Yana adabu kukushinda."

Bortolo angetoa nini leo kugombana naye tena!

Sasa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martino, mvinyo mpya uko mezani, wageni wamekaa, na binti yake Ottavia amemng'ang'ania.

"Baba, vidole vyako vinakakamaa. Mwakani hutaiweza ile sonata. Nipe sehemu ya mama."

"Jikoni huingii."

"Basi ife nawe."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Akavitazama vidole vyake.

"Jikoni huingii," akarudia. "Utapiga sehemu yangu, hapa hapa, mbele za watu. Jikoni naenda mimi."

"Baba! Watasema!"

"Waseme. Si mvinyo wangu wanakunywa?"

Kumbe hajawahi kuisikia kutoka kule. Mlango ulimeza nusu ya sauti, na mafuta ya bata bukini aliyekuwa motoni yalimrukia mikononi. Ottavia akapiga mwisho wa kwanza. Bortolo akaurudia vile vile alivyouandika, bila kuongeza wala kupunguza.

"Chumba hiki kina mwangwi mzuri," mgeni mmoja akasema.

Chumba! Bortolo alishikwa na uchungu. Miaka yote ile Ginevra alisimama papa hapa, akisikia sifa zikienda kwa kuta, naye mumewe anamgombeza kwa kile kijirembo kilichosema kwamba kuna mtu.

Mwisho wa pili ulipomfikia, akakitafuta kijirembo kile. Vidole vigumu vikakitoa kikiwa kimepinda, lakini kikatoka.

Sebuleni upinde wa fidla ukasita. Halafu Ottavia akakirudia kijirembo kile kile, polepole, fidla ya mbele ikiitikia ya jikoni, na wakaendelea hivyo hadi mwisho.

Makofi yalipolipuka, Bortolo alikuwa analia. Akayageukia masufuria yaliyotundikwa ukutani, akainama mpaka chini.