Mbavu Tatu za Juu

Jumanne, tarehe kumi na saba, saa tisa na dakika ishirini alasiri, karani wa chumba cha picha alichomoa flashi kwenye kompyuta ya hospitali kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Ndani yake ilikuwa picha ya kifua cha mke wa fundi magodoro. Mke aliibeba flashi hiyo hadi hospitali ya rufaa, safari ya nusu siku, na daktari wa huko akasema haifunguki. Wakamrudisha alikotoka akapange foleni ya picha upya. Siku ya kumi na moja, akiwa bado kwenye foleni, alikufa. Mkuu wa hospitali akaandika kwenye faili lake: mgonjwa hakufika kupigwa picha.

Fundi magodoro, ambaye shule aliishia darasa la nne, aliomba asomewe maneno hayo mara mbili. Alitaka kitu kimoja tu: yafutwe.

Akamwendea mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa akitengeneza kompyuta katika chumba nyuma ya duka la vioo. Kompyuta zake zilitumia mfumo huria, ule usiouzwa, uleule ambao wakubwa wa hospitali waliuleta mwaka uliopita.

"Mjomba, flashi hii uliiweka wapi? Imejaa pamba."

"Niliishonea ndani ya godoro. Ningeiweka wapi?"

"Haya, tuone kama imelala vizuri."

Akaichomeka, akaandika amri kwenye kidirisha cheusi. Mashine ikajibu kwamba kifaa inakiona, ila maandishi yake yamekatika njiani. Kwanza akanakili kila kilichomo, asije akaharibu zaidi. Kisha akaiomba mashine iiachie flashi. Mashine ikakataa: kifaa kinatumika. Akaiuliza kinatumiwa na nani. Mashine ikaandika jina la marehemu.

Mpwa akageuka. Mkazamjomba wake alikuwa kwenye kiti cha wateja, kuanzia kichwani hadi ubavu wa tatu. Chini ya hapo kulikuwa na kiti tu.

"Shikamoo, mkazamjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo hajambo?"

"Hajambo. Bado anaunguza chai."

"Hata huyu ni hivyo hivyo." Akamtazama mumewe. "Umekonda. Hilo shati kakufungia nani vifungo?"

"Nimefunga mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Mpwa akaeleza. Mfumo huu huonyesha kazi imekwisha wakati bado unaandika. Lazima uuambie uachie, usubiri, ndipo uchomoe. "Jambo la nusu dakika, mjomba. Mtu akifundishwa tu."

Kesho yake asubuhi walikwenda hospitali. Mpwa alibeba kompyuta, flashi ikiwa imechomekwa vilevile, na fundi akambeba mkewe kwapani kama mto, maana uzito wa kusema hakuwa nao. Karani wa picha alipowaona alianza kulia.

"Mzee wangu, mstari wa kwenye kioo cha kompyuta ulijaa hadi mwisho. Nikajua imeisha."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna aliyenifundisha."

Ukutani, juu ya kichwa chake, kilining'inia cheti cha mafunzo ya siku tatu kwa watumishi wote. Kilikuwa na sahihi ya mkuu wa hospitali.

Mkuu mwenyewe aliwapokea vizuri. Alimwomba marehemu asogee kidogo, kwa sababu alikuwa amekalia mihuri. Akaitazama picha kwenye kompyuta: mabega, mbavu tatu za juu, na pembeni tarehe na saa. Kisha akavua miwani.

"Picha inayotambulika ni picha nzima," alisema. "Na mimi sikumsingizia mama. Mnaona wenyewe. Hata leo hajafika mzima."

Akagonga muhuri, faili likarudi kabatini na maneno yake yaleyale.

Fundi magodoro hakupiga kelele. Watu wa aina yake wakipiga kelele huitiwa askari. Alimweka mkewe kwenye benchi la chumba cha picha, kwa kuwa ndiko alikotaka kukaa, na kompyuta ya mpwa ikawekwa chini ya benchi, waya wake ukutani. Wagonjwa wakamzoea, wakawa wanamwachia nafasi. Namba yake haijaitwa.

Kila mara mkuu anapopita na funguo za gari mkononi, marehemu humsalimu kwa adabu, halafu humuuliza, "Baba, huko chini ya mbavu zangu kulikuwa na nini?"