Tanuri la Fundi Geng

Barua ya mnunuzi wetu Mjerumani ilifika Yongnian, mji wetu wa viwanda nchini China, siku ya baridi kali. Kabla ya kuagiza tena boliti zetu, alitaka kujua kila tani imetoa hewa ya ukaa kiasi gani. Kiwanda kisicho na hesabu iliyokaguliwa, Ulaya wangekikadiria wenyewe na kukitoza kodi ya hewa hiyo, na makadirio yao hayana huruma.

Tukaomba mkaguzi. Siku moja kabla hajaja, bosi wetu, Mama Qiao, alimwita Fundi Geng, mzee wa matanuri. Mimi karani nilikuwa pembeni.

"Tuna tanuri jipya la gesi," akasema. "Lile lako la makaa, kesho mkaguzi akija, ni stoo."

"Stoo ya nini, Bosi?"

"Ya kufunga mdomo wako."

Asubuhi yake tukalizima, tukalifunika turubai, tukapanga makasha mbele yake.

Mkaguzi, dada mwembamba aitwaye Luan, alipima tanuri la gesi. Wakati wa kuondoka akasimama ghafla, akavuta pumzi.

"Nani anachoma viazi vitamu?"

"Majirani," Mama Qiao akajibu upesi.

"Wanaishi nyuma ya makasha?"

Luan akasukuma kasha, akafunua turubai. Joto likatupiga usoni. Geng alikuwa amefukia viazi kwenye majivu kama kila siku, akavisahau. Akachomoa kimoja, akakipuliza.

"Karibu, Mkaguzi. Stoo yetu ina joto kidogo."

Luan akala nusu nzima, huku akinidai risiti za makaa. Nikamtazama bosi. Akatikisa kichwa kukubali, uso umempauka, nami nikaleta faili.

Luan akapiga hesabu mpaka alasiri. Hata pamoja na makaa, tulikuwa chini sana ya makadirio ya Ulaya.

"Hata kama mngefaulu kulificha," akasema, "siku risiti hizi zingeonekana hesabu yote ingetupwa. Mngekadiriwa kama wasiopima kitu."

"Kumbe tulikuwa tunaficha tanuri lililotuokoa?" Mama Qiao akauliza kwa sauti ndogo.

"Halijawaokoa, mama. Halijawaua tu, kwa kuwa limehesabiwa. Libadilisheni."

Boliti zikaenda bandari ya Tianjin, kusafirishwa Ujerumani, mwezi uliofuata. Wiki hiyo tulikuwa mkahawani, Mama Qiao akimsimulia mwenye kiwanda cha jirani jinsi alivyomshika mkaguzi mkono na kumpeleka mwenyewe kwenye tanuri la zamani.

"Mimi sifichi kitu," akasema. "Muulize Geng."

Geng akainamia bakuli lake la tambi. "Bosi ni mkweli," akasema, mdomo umejaa.