Nyuma ya Kopo

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda cha nguo, na muda wote huo hakuna mfanyakazi aliyesukuma sahani mbele akasema chakula hakina ladha. Alikuwa akionja kwa ncha ya ulimi, anafumba jicho moja, halafu anatupa chumvi sufuriani kwa vidole vitatu bila kupima. Wenzake walimtania kwamba hutia chumvi kwenye mchuzi na kwenye hadithi vilevile, naye hakukataa. Kwa hiyo siku muuguzi wa kliniki ya figo alipomwambia kwamba chumvi sasa basi, hakulia wala hakuuliza swali. Alimgeukia mumewe tu akasema, "Wamenikata ulimi, mzee."

Mumewe alikuwa mchora mabango. Mtaani walimwita Brashi, na watoto waliozaliwa miaka ya karibuni walidhani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Majina ya vinyozi, ya maduka ya dawa, ya shule za chekechea, yote kwenye barabara ile yalikuwa yametoka mkononi mwake. Mtu aliyeishi na herufi hivyo hawezi kupita maandishi bila kuyasoma. Akikaa kwa kinyozi alisoma chupa za mafuta. Akinywa chai alisoma boksi la majani.

Muuguzi aliwapa karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa ya sodiamu, yaani chumvi na ndugu zake wote. Ya pili ilikuwa ya potasiamu. Aliwaeleza taratibu kwamba figo zilizochoka haziwezi kuitoa potasiamu mwilini, na ikijaa kwenye damu, moyo hupotewa na mapigo yake. Chini ya neno hilo palikuwa na orodha: ndizi, machungwa, viazi, maharage, nyanya za kopo. Brashi aliibandika karatasi kwenye mlango wa jiko kwa gundi ya mabango, ile isiyobanduka hata kwa mvua, na kuanzia siku hiyo akachukua kikapu. Manunuzi yote ya chakula yakawa yake.

Mwanzoni mlinzi wa supamaketi alimfuata nyumanyuma, maana mtu anayesimama mbele ya rafu moja robo saa nzima huwa ana lake. Baadaye wakamzoea. Dada mmoja mpanga bidhaa akampachika jina la Mkaguzi, akawa anamwita kila ikija bidhaa mpya. Brashi aligundua kwamba chumvi imejificha kwenye mkate, kwenye biskuti tamu, hata kwenye siagi. Aligundua kwamba viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kinachoanza ndicho kilichojaa. Aligundua ujanja wa kuandika vipimo vya kijiko kimoja wakati hakuna mtu duniani anayekula kijiko kimoja. Alivaa miwani, akashika pakiti mbali kidogo na uso, akasoma kwa sauti ya chini kama mtu anayekariri. Isiyoridhisha aliirudisha mahali pake, uso wa lebo ukitazama mbele.

Binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli mji mwingine, alipiga simu kila Jumapili. Baba yake alimsomea ripoti. Wiki hii tumeacha ile jibini, wiki hii tumepata mkate wenye chumvi kidogo. Binti alicheka akamwambia mama yake kwamba ameolewa na daktari wa rafu. Vipimo vya kliniki navyo vilionyesha kwamba figo zimesimama palepale, hazijashuka zaidi, na daktari akampongeza Brashi mbele ya watu. Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama aliyepewa cheo.

Mkewe alikuwa anakonda. Alikula kwa sababu ya dawa, si kwa sababu ya njaa. Kuku wa kuchemsha, karoti za kuchemsha, wali mweupe usio na kitu. Alijaribu ndimu, akajaribu tangawizi na vitunguu saumu, akasema ni kama kuvaa mkufu juu ya gauni lililochanika. Jumamosi moja walitembelewa na wapishi wenzake wa zamani. Alisimama jikoni kuwapikia, akaonja kwa mazoea, akafumba jicho, kisha akatema kwenye sinki na kumwomba mgeni mmoja amalizie. Alikaa kwenye kochi akiwasikiliza wenzake wakisifu chakula ambacho hakuweza kukigusa. Walipoondoka, Brashi alianza kumweleza habari ya mchuzi wa pakiti aliouona, wenye sodiamu ndogo kidogo kuliko mwingine.

"Chakula unakisoma vizuri sana," alimkatiza. "Mimi umeacha kunisoma."

Hakuisema kwa hasira. Ndiyo maana ilimwingia. Siku tatu Brashi alipanda ngazi na kushuka, akichora bango la duka la viatu, na maneno yale yakiwa naye huko juu.

Jumanne ndipo yule dada mpanga bidhaa alipomwita. Kulikuwa na kopo jipya la chumvi, la manjano, lenye picha ya moyo mwekundu, na mbele yake kwa herufi nene: LADHA ILEILE, SODIAMU NUSU. Brashi alilishika kwa mikono miwili. Alilizungusha akatafuta jedwali la vipimo, kama alivyozoea, akaweka kidole kwenye mstari wa sodiamu. Ilikuwa nusu kweli. Akapiga hesabu kichwani, mkewe akitia kidogo asubuhi na kidogo jioni, akaona bado yuko ndani ya mpaka waliopewa. Chini ya jedwali palikuwa na mistari mingine, midogo, ya rangi nyeupe juu ya yale manjano. Aliiona. Miwani ilikuwa puani. Akili ilimwambia ni anwani ya kiwanda, au jinsi ya kuhifadhi, na moyo ulikuwa umeshafika nyumbani. Alilitia kopo kikapuni akaenda kulipa.

Mkewe alitia kidogo kwenye supu, akakoroga, akaonja. Jicho likafumba. Alikaa hivyo muda mrefu hadi Brashi akaogopa, kisha akafumbua na kusema kwamba kuna uchungu kidogo nyuma yake, lakini ni chumvi, ni chumvi hasa. Alikula bakuli mbili. Kesho yake alitoa sufuria kubwa kabatini na kupika kana kwamba kiwanda kizima kinakuja. Akaanza tena kuimba vipande vya nyimbo asizozijua mwisho. Jirani aliyeletewa bakuli aliuliza kama mgonjwa amepona.

Alipozidisha kijiko, Brashi alimkumbusha. Akajibu kwamba nusu mara mbili ni moja tu, na moja watu wote wanakula. Wote wawili wakacheka. Brashi hakumkumbusha tena, kwa kuwa alikuwa hajamwona akicheka tangu zamani.

Wiki mbili zilipita hivyo. Katika wiki ya tatu alianza kulalamika kwamba miguu imelegea, na midomo inamwasha kwa namna isiyo ya pilipili. Walidhani ni uchovu, maana alikuwa anasimama jikoni tangu asubuhi. Miadi ya kliniki ilikuwa Ijumaa, wakasema watauliza huko. Jumatano, kama saa tatu asubuhi, alikuwa anamenya karoti. Brashi alikuwa barazani akiosha brashi zake kwa mafuta ya taa, akasikia kisu kinaanguka. Alimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, akimtazama kama mtu anayetaka kuuliza njia.

Jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali. Daktari alitazama mistari ya moyo kwenye mashine, akawaita wengine kwa sauti ya haraka, sindano zikaletwa. Mmoja wao alimtoa Brashi nje na kumuuliza mgonjwa amekula nini, kwa sababu potasiamu kwenye damu yake ilikuwa imepanda mno. Brashi aliapa kwamba ndizi haijaingia nyumbani mwao mwaka mzima. Wala chungwa, wala kiazi. Angeweza kuwatajia kila kitu, siku kwa siku. Daktari akamuuliza kama kuna kitu chochote kipya, dawa ya miti, kinywaji, chochote. Akasema hakuna, ila chumvi mpya, na hiyo ni ile nzuri, yenye sodiamu nusu.

Daktari aliweka mkono begani kwa Brashi, akaurudisha, akaingia ndani. Kabla ya saa sita mchana mkewe alikuwa amefariki.

Nyumbani watu walishaanza kukusanyika, lakini Brashi alipita katikati yao hadi jikoni, akafunga mlango. Kopo lilikuwa karibu na jiko, limebaki robo. Alilipeleka dirishani penye mwanga. Maishani mwake alikuwa hajawahi kumwandikia mteja nyeupe juu ya manjano, hata wale waliomwomba, kwa kuwa alijua haisomeki ukiwa hatua mbili. Lakini kopo halikuwa hatua mbili. Lilikuwa mkononi. Akasoma: Viambato, kloridi ya potasiamu. Ndilo neno la kwanza. Sodiamu ilifuata. Na chini yake: Wenye maradhi ya figo wasitumie bila ushauri wa daktari.

Neno lile alikuwa akilipita kwenye mlango kila siku. Alilijua kwa herufi zake zote. Alikuwa akilitafuta kwenye matunda na maharage, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulitia kwenye kopo na kuliita chumvi.

Binti alifika jioni hiyo. Baada ya mazishi watu walikaa nao, wakawapa pole, wakamsifu Brashi. Walisema hakuna mume aliyemhangaikia mke namna ile. Binti naye, macho yakiwa yamevimba, aliwaeleza wageni jinsi baba alivyokuwa akisoma kila pakiti, na kwamba bila yeye mama asingefika hata mwaka huu. Brashi aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi tu.

Alijipa siku tatu. Wageni walipopungua, alimkuta binti jikoni anaosha vikombe, akaliweka kopo mezani na kumwambia asome nyuma. Binti alikausha mikono kwanza. Alisoma mara moja, akatazama karatasi ya mlangoni, akasoma tena.

"Ulikuwa umevaa miwani?" akauliza.

Brashi alijua kwamba jibu la hapana lingewasaidia wote wawili. "Nilikuwa nayo," alisema. "Nilisoma nilichokuwa nakitafuta. Nilipokipata, nikaacha."

"Mama alijua?"

"Hakujua. Aliniamini."

Binti alirudi kwenye sinki. Aliosha vikombe vilivyobaki, na hata vile vilivyokuwa safi akavirudia. Baba yake alisimama pale akingoja kulaumiwa, lakini hakulaumiwa. Binti alikuwa amepanga kukaa wiki mbili. Akaondoka kesho yake, akisema hotelini wana upungufu wa watu.

Brashi alilipeleka kopo kliniki. Muuguzi alilisoma akaketi. Alikiri kwamba karatasi yao inataja vyakula tu, na kwamba hata yeye hakujua chumvi za aina hiyo zimefika madukani. Alichukua kalamu akaongeza mstari kwa mkono kwenye rundo lote lililokuwa mezani, nakala moja baada ya nyingine, na alipochoka Brashi akamwomba kalamu akaendelea yeye. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mgonjwa mmoja aliyekuwa foleni alisema kwamba nyumbani kwake analo kopo kama lile, akatoka nje kumpigia simu mkewe. Muuguzi alimtazama Brashi kama anayesema, unaona. Brashi aliona, lakini hakupata nafuu aliyotarajia.

Binti aliacha kupiga simu za Jumapili. Baada ya wiki tano akapiga, siku ya kazi, akauliza kuhusu bati lililokuwa likivuja. Baba akamjibu kuhusu bati. Kuanzia hapo wakawa wanazungumza mara mojamoja, bati, kikohozi, bei ya rangi, na kila mmoja akisikia mwenzake anavuta pumzi kusema lingine, aliwahi kuaga.

Likizo yake ilipofika alikuja, akakaa siku nne. Siku ya pili alifungua makabati, akakuta hakuna kitu ila mchele na majani ya chai, akasema twende dukani. Kwenye supamaketi yule dada mpanga bidhaa aliwaona, akataka kusalimia, kisha akajishughulisha na makopo yake. Brashi alisukuma toroli. Binti alitembea mbele, akichukua kitu kimoja baada ya kingine, akikigeuza, akikisoma hadi mstari wa mwisho, ndipo akikiweka.

Toroli ilipojaa nusu, Brashi alinyoosha mkono akatoa humo pakiti ya unga, akaanza kutafuta miwani mfukoni.

"Hiyo nimeshaisoma, Baba," binti alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Akaichukua pakiti mkononi mwake, akairudisha kwenye toroli, wakaendelea na safu iliyofuata.