Pini za Mpingo

"Mama Didas, hebu njoo uone mwenyewe."

Filomena alimshusha mwanawe mgongoni, akainama. Fundi Mwinshehe alikuwa ameilaza chini baiskeli kuukuu aliyoiacha marehemu baba mkwe wa Filomena. Tangu wiki iliyopita pedali ya kulia ilikuwa ikilia tak, tak, kila mzunguko. Fundi alikuwa ameshasema ni kotapini, ile pini inayobana mkono wa pedali kwenye ekseli. "Hii haipigwi hovyo kama ngoma," alitamba. "Unalegeza nati, unaegemeza bomba kwa chini, unagonga mara moja tu."

Hata nyundo hakuigusa. Spana ilipoishika tu, nati ilikatika pamoja na ncha ya pini kama mfupa wa kuku. Fundi akaichomoa pini kwa vidole. Nyeusi, imelowa grisi, ina ufa katikati.

"Mwanangu, hiki si chuma. Ni mpingo."

Kila asubuhi Filomena alikuwa akiteremka na baiskeli hiyo kile kilima cha Kibamba, Didas mgongoni, malori ya Morogoro Road yakimpita ubavuni.

"Mama yangu! Si ningemuua mtoto!"

Mchonga vinyago aliyekuwa naye nyumbani ni mmoja tu. Akampigia mumewe.

"Albano, umeweka nini kwenye baiskeli?"

"Nilitakaga kukwambia, mke wangu. Pini za madukani zote zilikuwa nyembamba. Nikachonga hiyo ya kushikizia tu, siku mbili. Nikasahau."

"Ukasahau! Ukakumbuka kuipaka grisi ifanane na chuma, ukasahau kuniambia mie?"

"Nisamehe, mama. Mpingo mgumu ule, haukatiki kirahisi."

"Umeshakatika! Na ya kushoto?"

"Ya kushoto sijaigusa, haki ya Mungu. Hiyo aliifunga mzee mwenyewe."

Fundi alishaanza kuifungua. Safari hii nati, iliyoliwa na kutu, ilivunjika vipande viwili, na nyundo ikagonga mara moja. Pini ikadondoka kwenye kitambaa. Akaifuta, akaitazama, akamtazama Filomena.

Mpingo. Umelainika kama punje ya tasbihi, hauna ufa hata wa unywele.

"Lahaula," alinong'ona fundi. "Marehemu alikuwaga anapanda hii mpaka Mwenge na magunia ya vinyago. Na mie nikimsifu kwa chuma chake!"

Albano, aliyekuwa bado kwenye simu, alisikia yote. Akasema taratibu, "Basi hiyo irudisheni, Filo. Ya baba imeshajithibitisha."

Filomena alimtazama Didas, ambaye alikuwa ameshaiokota pini ya babu yake na kuitia mdomoni. Akampokonya, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Ya baba nitaiweka kabatini, nitaiheshimu," alisema. "Fundi, nakuomba. Tia za chuma, zote mbili. Tafuta nene, upige tupa mpaka zikae. Na nyundo nipe mie, nizigonge mwenyewe."